Jeshi la Polandi mezani: husaria, ulani au askari wa miguu?

Mtajie mcheza vita vya mezani, yule anayepigana kwa vijisanamu vilivyopakwa rangi na dadu, jeshi la Polandi, na picha inayomjia ni moja tu: mpanda farasi mwenye deraya, mabawa ya manyoya mgongoni, ngozi ya chui begani na mkuki wa mita tano. Hao ndio husaria, na ndio wanaouza maboksi. Kasheshe huanza pale mtu anaponunua maboksi matatu ya husaria na hakuna kingine, anawapanga mezani wakiwa wamependeza, kisha wanachakazwa na Waswidi waliojificha nyuma ya uzio. Baada ya hapo jeshi linaingia kabatini na halitoki tena.

Nimeweka hapa majeshi ya Polandi ya vipindi vitatu ambavyo vijisanamu vyake si vigumu kuvipata: karne ya 17, enzi za Napoleon, na Vita Kuu ya Pili. Katika kila kipindi nawaweka askari wa miguu ubavuni mwa wapanda farasi, kwa sababu anayechagua karne anachagua pia kati ya kwato na buti. Msimamo wangu niutoe mapema. Lolote utakalochukua, anza na askari wa miguu.

Karne ya 17: husaria na hajduki

Hakuna pambano linaloonyesha jambo hili kama Kluszyn, tarehe 4 Julai 1610. Hetmani (jemadari) Stanisław Żółkiewski wa Polandi alikuwa na watu wasiofika 7,000, wengi wao husaria. Mbele yake lilisimama jeshi la Urusi pamoja na askari wa kukodi kutoka Ulaya magharibi walioletwa na Uswidi, mara kadhaa ya watu wake. Kati ya pande mbili palikuwa na uzio wa kijiji wenye mapengo machache. Husaria walipenya kwenye mapengo, wakavamia, wakarudi kujipanga, wakavamia tena. Kuna vikosi vilivyofanya hivyo mara nane hadi kumi siku hiyo. Wapanda farasi wa Urusi walikimbia, lakini wale wa kukodi wenye bunduki waliendelea kuwamiminia risasi wakiwa nyuma ya uzio, na farasi hata awe hodari vipi hawezi kuupita ukiwa umesimama.

Waliofungua njia ni askari wa miguu wapatao 200 na mizinga midogo miwili. Walikuwa wamechelewa barabarani. Walipofika wakaupiga uzio, wakawatimua wenye bunduki, na husaria wakapata uwanja. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue nini kwanza kwa karne ya 17, namjibu kwa uzio wa Kluszyn.

Sasa tuhesabu. Kwa kipindi hiki natumia kijisanamu kimoja kwa watu 15. Kikosi cha husaria, chorągiew kwa Kipolandi, kilikuwa na farasi 100 hadi 200 kwenye orodha ya mishahara. Orodha hiyo usiiamini: karibu asilimia 10 ya nafasi zilikuwa za askari hewa, mshahara ukichukuliwa na wakubwa wa kikosi, na utaratibu huo ulikuwa umekubalika kabisa. Kwa hiyo kikosi cha farasi 150 kinakwenda vitani na 135, yaani vijisanamu tisa.

Katika tisa hao, wasivae wote mavazi ya kifalme. Kikosi kiliundwa na mabwana wa tabaka la juu walioitwa towarzysz, kila mmoja akija na wafuasi wake wawili, watatu au zaidi kwa gharama yake. Bwana ndiye mwenye ngozi ya chui na deraya iliyopambwa kwa shaba. Mfuasi ana deraya ya kawaida, ngozi ya mbwa mwitu au joho tupu, na mara nyingi farasi wa bei ndogo. Basi weka mabwana watatu mbele na wafuasi sita nyuma yao. Maboksi mengi hukupa mabwana watupu. Chukua baadhi, ng'oa mabawa, funika ngozi kwa rangi ya kahawia iliyofifia, na kikosi kinaanza kufanana na kitu kilichowahi kuishi. Kuhusu mabawa yenyewe, wanahistoria bado wanabishana ni wangapi waliyavaa vitani, na michoro ya mwanzoni mwa karne huyaonyesha zaidi yakiwa yamefungwa kwenye tandiko kuliko mgongoni. Ukipaka kikosi cha 1610, bawa moja au mawili nyuma ya tandiko yanatosha, na wengine wasiwe nayo kabisa.

Mkuki ndio unaowashinda wengi. Ule wa kweli, kopia, ulikuwa na uwazi ndani ili uwe mwepesi, na urefu wake ulifika mita tano au zaidi. Kwa vijisanamu vya milimita 28 hiyo ni kama sentimita 8 na kitu; kwa 1:72 ni karibu 7. Mikuki ya plastiki ya boksi hupinda kama mti wa mtama na mara nyingi ni mifupi. Ikate, toboa ngumi ya kijisanamu kwa sindano ya moto, kisha pitisha uzi wa chuma wa gitaa. Kibendera tengeneza kwa karatasi ya sigara iliyolowekwa gundi, ukikunje kikiwa bado kibichi.

Kwenye kanuni, kopia ilivunjika kwenye pigo la kwanza. Mpe husaria dadu za ziada anapovamia kwa mara ya kwanza, kisha ziondoe. Akirudi nyuma na kukaa zamu nzima bila kushambuliwa, apate mikuki mipya kutoka kwenye mikokoteni. Kanuni hiyo ndogo inamlazimisha mchezaji acheze kama Żółkiewski, kuvamia, kurudi, kujipanga, na inampa adui nafasi ya kupumua. Ongeza na alama za uchovu kwa kila uvamizi, maana farasi wa mara ya nane si farasi wa mara ya kwanza.

Hajduki, askari wa miguu wa Polandi wa wakati huo, wako kinyume na hayo yote. Mtindo wao ulitoka Hungaria. Kila mmoja alibeba gobore la utambi, kitara na shoka dogo. Hawakuwa na mikuki mirefu ya kuzuia farasi. Mmoja katika kila kumi, dziesiętnik, hakubeba gobore bali silaha ya mpini mrefu, akisimama mbele ya safu yake. Kikosi cha watu 200 kwenye karatasi, yaani 180 kweli, ni vijisanamu 12: mmoja wa mpini, mmoja wa bendera, mpiga ngoma mmoja, na waliobaki wenye magobore. Rangi ni bluu iliyoelekea kijivu kwa joho, buti, kofia, basi. Unawamaliza wote 12 kabla ya kumaliza husaria watatu, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Anayetaka kuwaona jinsi walivyochorwa na watu wa wakati wao atafute picha za Rolka Sztokholmska, mchoro wa karatasi ndefu ya mita 15 hivi unaoonyesha msafara wa harusi ya Mfalme Sigismund III ukiingia Kraków mwaka 1605. Waswidi waliuchukua kama ngawira katika miaka ya 1650 na kuurudisha mwaka 1974. Sasa uko Kasri la Kifalme, Warsaw. Mtu mmoja mmoja anaonekana, mpaka jinsi hajduki anavyoweka gobore begani. Kwa mpaka rangi, hiyo inashinda kitabu chochote cha kisasa cha michoro.

Mezani hajduki wapewe nguvu ya risasi, uwezo mzuri msituni, vijijini na ndani ya ngome ya mikokoteni, na udhaifu mkubwa wakikutwa uwanja wazi na farasi. Huo udhaifu usiupunguze kwa huruma. Ndio unaokufundisha kuwaweka nyuma ya kitu.

Na husaria nao wapewe mipaka. Kircholm, Septemba 1605, hetmani Chodkiewicz wa Polandi alikuwa na watu kama 3,600 dhidi ya karibu 11,000 wa Mfalme Karl IX wa Uswidi. Alijifanya anarudi nyuma, Waswidi wakashuka kutoka mlimani, na husaria wakawamaliza. Gniew, mwaka 1626, mtoto wa Karl, Gustav II Adolf, hakuingia mtego huo: bunduki zake zilishika miinuko na kingo, na husaria walewale wakashindwa kuzivunja. Kanuni zinazofanya husaria washinde Gniew kirahisi kama Kircholm ni kanuni za shabiki.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaitangazi sana: pancerni, wapanda farasi wa deraya ya pete za chuma, wenye upinde au bunduki fupi na kitara. Kabla ya uasi wa Wakozaki wa 1648 waliitwa wa mtindo wa Kikozaki. Baada ya hapo jina hilo likawa chungu na wakabadilishiwa. Ni wengi, wanafanya kila kazi, na rangi zao hazikuchoshi. Kwa jeshi la nusu ya pili ya karne, kwa kila husaria mmoja ningeweka pancerni wawili au watatu. Kipindi hicho hajduki wamepungua, na askari wa miguu wa mtindo wa Kijerumani wameshika nafasi yao, kwanza wakiwa na mikuki mirefu kwa karibu theluthi moja, na kufikia vita vya Vienna dhidi ya Waturuki mwaka 1683 wakiwa na shoka kubwa la berdysz ambalo pia lilitumika kuegemezea bunduki wakati wa kulenga. Hata Vienna penyewe, uvamizi maarufu wa Mfalme Sobieski wa Polandi ulikuja jioni, baada ya askari wa miguu wake na wa washirika wake kushinda siku nzima wakisafisha mabonde na mashamba ya mizabibu. Na kabla ya kuwaachia wote, Sobieski alituma kikosi kimoja tu cha husaria kuipima ardhi.

1807 hadi 1813: Utemi wa Warsaw

Utemi wa Warsaw ni dola ya Wapolandi iliyoundwa na Napoleon. Hapa hesabu inageuka. Majeshi ni makubwa, na batalioni ndiyo inayohesabiwa. Tangu 1808 rejimenti ya miguu ilikuwa na batalioni tatu za kombania sita, kila kombania watu 140 kwa mpango. Batalioni moja ni 840, kwa hiyo kijisanamu kimoja kwa watu 35 kinakupa 24, wanne kwa kila kombania: kombania nne za kawaida, moja ya magrenadia (askari wateule), moja ya wepesi wanaotangulia mbele. Rejimenti ya farasi ilikuwa na skwadroni nne. Vijisanamu 16 vinaiwakilisha vizuri.

Askari wa miguu wamevaa koti la bluu iliyokolea na kofia ya czapka yenye kilele cha pembe nne. Ukiona kofia hiyo kwenye safu, hata kwa mbali, unajua ni Wapolandi. Anayechoka na bluu achukue Rejimenti ya 13, iliyovaa makoti meupe yenye mapambo ya bluu hafifu kwa kuwa kitambaa kilitoka kwenye maghala yaliyotekwa ya Austria. Batalioni moja nyeupe katikati ya za bluu inapendeza kuliko husaria, kwa macho yangu.

Ulani, wapanda farasi wa mkuki, ndio kivutio. Nao wana mtego wao wa kihistoria. Wengi hununua wale wa walinzi wa Napoleon, wakiwa na mikuki, kwa ajili ya kucheza Somosierra. Tarehe 30 Novemba 1808, skwadroni ya watu wapatao 125 ikiongozwa na Jan Kozietulski ilipanda njia nyembamba ya mlima nchini Hispania, mizinga 16 ikiwa imepangwa kwa hatua nne. Lakini siku hiyo hawakuwa na mikuki. Walipewa baada ya vita vya Wagram, mwaka 1809. Kama ni Somosierra, wape vitara. Kama ni Albuera, Hispania, tarehe 16 Mei 1811, hapo wape mikuki ulani wa Vistula, Wapolandi waliowatumikia Wafaransa: mvua kali ililowesha bunduki za Waingereza, na brigedi yao moja, ya Colborne, ikapoteza zaidi ya theluthi mbili ya watu wake. Kwenye kanuni usimpe ulani nguvu ya kuvunja kila safu kila mara. Weka tukio la mvua, au adui aliyeshikwa ubavuni kabla hajajipanga, na hapo mkuki uue kweli. Dhidi ya askari wa miguu waliokwishafunga mraba, arudi alikotoka.

Kwa michezo midogo, askari wa miguu wa kipindi hiki wana utajiri ambao ulani hawana. Oktoba 1810, Wapolandi kama 150 wa Rejimenti ya 4 chini ya kapteni Młokosiewicz walishikilia ngome ya Fuengirola, pwani ya Hispania, dhidi ya Waingereza na Wahispania wengi mara kadhaa kuliko wao; msaada ukafika, wakatoka, wakamteka kiongozi wa Waingereza, Jenerali Blayney, mwenyewe. Ngome moja, ufuko mmoja, vijisanamu visivyozidi 40. Raszyn, karibu na Warsaw, dhidi ya Waaustria, Aprili 1809, ni vinamasi na njia za tuta, na kanali wa Rejimenti ya 8 aliyeuawa pale, Cyprian Godebski, alikuwa mshairi. Kuna na jambo ambalo wachezaji wengi wa Ulaya hulipita kimya: mwaka 1802 na 1803 Napoleon alipeleka maelfu ya Wapolandi Saint-Domingue (Haiti ya leo) kuzima mapinduzi ya watumwa. Baadhi yao walihamia upande wa pili, na katiba ya Haiti ya 1805 ikawataja Wapolandi miongoni mwa weupe wachache walioruhusiwa kumiliki mali. Mchezo ambao mchezaji wa Kipolandi hana uhakika batalioni yake itabaki upande gani ni mchezo mzuri, na hauhitaji farasi hata mmoja.

1939, na Monte Cassino

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu swali la farasi au miguu limeshajibiwa na wakati wenyewe. Ulani wa 1939 alisafiri kwa farasi na kupigana kwa miguu. Mkuki ulikuwa umeondolewa katika matumizi ya kawaida katikati ya miaka ya 1930. Silaha zake za kutegemea zilikuwa bunduki ya wz. 35 (modeli ya 1935) ya kutoboa vifaru na mzinga wa Bofors wa milimita 37. Mokra, tarehe 1 Septemba 1939, brigedi ya wapanda farasi ya Wołyń ilizuia divisheni ya 4 ya vifaru ya Ujerumani siku nzima kwa silaha hizo, ikisaidiwa na treni ya kivita. Siku hiyohiyo Krojanty, ulani wa Rejimenti ya 18 walivamia askari wa miguu wa Kijerumani kwa vitara, magari ya deraya yakatokea na kuwapiga. Propaganda ikageuza tukio hilo kuwa hadithi ya farasi waliokimbilia vifaru. Kanuni yoyote inayokupa alama kwa kuvamia kifaru kwa farasi, ichane ukurasa.

Katika michezo hii kijisanamu kimoja ni mtu mmoja. Seksheni ya miguu ilikuwa na watu 19 na bunduki moja ya rashasha nyepesi, na platuni inakaribia 60. Ni wengi lakini ni wepesi kupaka. Farasi ndio wanaokula fedha: kila ulani anahitaji kijisanamu cha juu ya farasi na kingine cha chini, na lazima uondoe baadhi ya watu washike farasi nyuma. Mimi hutoa mmoja kati ya wanne. Nafuu iko kichwani: ulani wengi walivaa helmeti ya Adrian ya Kifaransa, kwa hiyo vichwa vya boksi la Wafaransa vinaingia. Askari wa miguu wao wanataka helmeti ya wz. 31, iliyopakwa rangi ya khaki yenye chembechembe. Changanya rangi yako na vumbi laini la mbao kidogo.

Mwenye bajeti ndogo kabisa afikirie vita vya mlima wa Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Kikosi cha Pili cha Polandi kilivaa na kubeba vya Kiingereza. Boksi la Waingereza, neno POLAND begani, umemaliza. Msomaji wa Arusha ana sababu nyingine ya kulifikiria: Wapolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, walioishi kambi ya Tengeru wakati wa vita walitoka kwenye wimbi lilelile la watu walioachiliwa na Wasovieti, na wanaume wa wimbi hilo ndio waliokwenda kupanda mlima ule. Makaburi ya Tengeru bado yapo.

Meza yako, mwenzako, mfuko wako

Anza na mwenzako. Vita Kuu ya Pili na Napoleon vina wapinzani kila mahali. Ukitangaza una Wapolandi, mtu atakuja na Wajerumani, Waaustria au Warusi wake. Karne ya 17 si hivyo. Mara nyingi utapaka pande zote mbili mwenyewe, na gharama yake ihesabu tangu mwanzo. Napoleon anataka meza ya futi sita kwa nne au kubwa zaidi na subira ya kupaka batalioni baada ya batalioni. Kama una meza ya kulia chakula na jioni moja kwa wiki, chukua 1939 kwa miguu au Monte Cassino.

Mimi ningechagua karne ya 17 hata hivyo, kwa sababu hakuna jeshi jingine la Polandi ambalo miguu na farasi vinategemeana waziwazi hivyo. Ununuzi wangu ungekwenda hivi: hajduki 12 na mzinga mmoja mdogo kwanza, uzio wa vijiti vya fagio kwa urefu wa meza, kisha Waswidi au askari wa kukodi wa kutosha kuujaza. Cheza michezo miwili mitatu na hao. Pancerni baadaye. Husaria tisa waje mwisho, na wakija waje na mikuki ya ziada, maana ile ya kwanza itavunjika zamu ya tatu.